Uwanja wa Ndege wa Songwe: historia yake, unavyofanya kazi na mambo ya kujua msafiri wa Kyela

Kwa sisi wa Kyela, uwanja wa karibu wenye ndege za abiria za ratiba ni Songwe, mkoani Mbeya. Ndio anaoutumia mgonjwa mwenye rufaa ya Muhimbili, mfanyabiashara wa kokoa, na aliyepigiwa simu ya msiba akiwa mbali. Wengi wetu tunaujua kwa jina tu, na jina lenyewe linachanganya.

Songwe ipi?

Mto Songwe tunaoujua, unaotutenganisha na Malawi pale Kasumulu, unamwaga maji Ziwa Nyasa. Upo Songwe mwingine unaoelekea Ziwa Rukwa, na uwanja uko upande wa bonde hilo. Upo pia Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Uwanja haumo katika mkoa huo. Uko Mbeya, ukipita Mbalizi kwa barabara kuu iendayo Tunduma. Kwenye tiketi huandikwa MBI.

Ulikotoka

Ndege si jambo geni Mbeya. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua safari za London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa moja ya vituo vya njiani. Baadaye uwanja wa ndani ya mji ulizungukwa na makazi, na ndege kubwa za jeti hazikuweza kuutumia. Songwe ulianza kupokea ndege mwishoni mwa mwaka 2012.

Kwa nini njia ndefu?

Njia ya kuruka na kutua ya Songwe ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Sababu kubwa ni mwinuko. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa kunyanyua ndege, hivyo ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Mji wa Mbeya uko juu zaidi, karibu mita 1,700, na hilo ni tatizo jingine la uwanja wa zamani.

Nani anafanya nini

Majengo na njia za ndege viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA). Waongoza ndege wa mnarani ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Taarifa za mawingu, upepo na ukungu hutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Uwanja una hadhi ya kimataifa, ila safari zake nyingi ni za ndani, hasa za Dar es Salaam, mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Kwa miaka mingi Songwe haukuwa na taa za njia ya kurukia, kwa hiyo ndege zilitua mchana tu. Taa zilifungwa baadaye. Hata hivyo taa haziondoi ukungu. Rubani asipoiona njia katika umbali uliowekwa kisheria, haruhusiwi kutua. Atazunguka angani akisubiri, au atageuza.

Msafiri wa Kyela azingatie

Kutoka Kyela hadi Songwe ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda, kupitia Tukuyu, Uyole na Mbeya. Kona ni nyingi, malori ni mengi, na masika mvua haikatiki. Ukiwa na ndege ya asubuhi, lala Mbeya. Anayetoka Matema au Ipinda ajiongezee muda.

Soma saa vizuri. Tiketi ikiandika 07:00 ni saa moja asubuhi, na 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Dirisha la kupokea abiria hufungwa kabla ya ndege kuondoka, na likishafungwa, kusema umetoka mbali hakusaidii.

Jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Na kama unampeleka mgonjwa mwenye miadi ya daktari, usipange ndege ya siku ileile. Acha walau siku moja katikati, maana ukungu wa Mbeya haujui miadi.