Mwenye Makazi Mawili Wakati wa Tauni

Mwaka 1348 msafiri Ibn Battuta alikuwa njiani kurudi kwao Tangier. Alikuwa ameishi ugenini zaidi ya miaka 20. Alishakuwa kadhi Delhi, akawa kadhi tena visiwani Maldivi, na kabla ya hayo, mwaka 1331, alishafika Mombasa na Kilwa. Safari hii aliikuta Sham, yaani Siria na jirani zake, imeingiliwa na tauni. Alipita Homs, Damascus, Gaza na Cairo, miji yote ikizika watu mchana na usiku, wala hakuna mlinzi wa lango aliyemsimamisha kumwuliza jana alilala wapi. Huko Damascus alipashwa habari kwamba babake alifariki miaka 15 nyuma. Alipoikaribia Fez akaambiwa mamake naye kachukuliwa na tauni ileile. Njia ilikuwa wazi, msiba ukamtangulia.

Mwaka 2020 mambo yalikuwa yamegeuka. Msiba uliingia kwenye simu dakika ileile, na njia ndiyo iliyofungwa.

Historia ya karantini husimuliwa mara nyingi kama safari ya elimu, kutoka kwenye ujinga hadi maabara. Sina ugomvi na simulizi hiyo, ila inamsahau mtu mmoja: yule aliyezaliwa huku na kuweka makazi kule. Sheria za mipakani zimezoea kumwuliza msafiri anatoka wapi na ni raia wa nani. Kwamba ana nyumba, ajira au watoto wa shule upande wa pili wa mstari, hilo limeachwa kwa huruma ya ofisa wa zamu.

Mjadala wenyewe ni wa kale. Mnamo 639 Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa akielekea Sham, na alipofika Sargh akapata habari za tauni ya Amwas. Masahaba wakahitilafiana. Umar akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda bin al-Jarrah, amiri wa majeshi ya Sham, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye nyingine. Ndipo Abdurrahman bin Auf alipoeleza aliyoyasikia kwa Mtume: tauni ikiwa mahali watu wasiingie, na ikiwakuta walipo wasitoke. Abu Ubayda alibaki na watu wake akafa kwa ugonjwa huohuo. Kanuni ile ni kali, lakini usawa wake sijauona tena katika karne zilizofuata. Inamshika mtu pale alipo, awe mwenyeji au mpita njia, jemadari au mchunga ngamia.

Kanuni zilizokuja kuitawala dunia zilizaliwa kwenye bandari za wafanyabiashara. Tarehe 27 Julai 1377 Baraza Kuu la Ragusa, mji ambao leo unaitwa Dubrovnik, liliamua kwamba anayetoka penye tauni asiingie mpaka akae mwezi mzima kwenye kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Venice ikatenga kisiwa kizima kwa wagonjwa wa tauni mwaka 1423, na baadaye siku 30 zikawa 40. Ragusa iliishi kwa biashara, kwa hiyo haikuwa na nia ya kufunga mlango. Ilitaka kumchelewesha mgeni tu. Tangu hapo karantini imekuwa mapatano kati ya tabibu na mwenye mali, na mwenye mali hajashindwa mara nyingi. Mei 1720 meli ya Grand-Saint-Antoine ilitia nanga Marseille ikitoka Sham na shehena ya vitambaa na pamba, watu kadhaa wakiwa wameshafia njiani. Sehemu ya shehena ilikuwa mali ya wakubwa wa mji, na ilitakiwa iwahi gulio la Beaucaire mwezi Julai. Taratibu zikalegezwa. Mji ulipoteza watu wapatao 50,000, karibu nusu ya wakazi wake. Aliyetiwa gerezani ni nahodha.

Karne ya 19 ilileta meli za moshi, na pamoja nazo kipindupindu. Hapa ndipo siasa ya nani azuiwe ilipoandikwa kwa wino. Alexandria ilikuwa na bodi yake ya afya tangu 1831, na waliokalia viti vyake walikuwa makonsuli wa Ulaya waliokuwa wakiishi mjini humo. Mgeni ndiye aliyemwandikia mwenyeji sheria ya karantini. Mwaka 1851 mataifa 12 yalikutana Paris katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa afya, kila moja likileta daktari na mwanadiplomasia, na kwa miezi kadhaa daktari na mwanadiplomasia hawakuelewana.

Kilichowashtua wote ni Hija ya 1865. Inakadiriwa mahujaji 15,000 kati ya 90,000 waliokuwa Hijaz walikufa kwa kipindupindu. Waliosalimika walipanda meli hadi Suez, wakashika treni hadi Alexandria, na kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulishatapakaa bandari za Mediterania. Mkutano wa Istanbul wa 1866 ulielekeza kidole India na kwa mahujaji wake. Ufaransa ikapendekeza kwamba kipindupindu kikizuka Hijaz, njia ya bahari kwenda Misri ifungwe, mahujaji warudi kwa ngamia kupitia jangwani. Mwaka 1882 dola ya Uthmaniya ikafungua kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu. Meli za mahujaji zilizotoka kusini zilitakiwa kutia nanga hapo, abiria washuke, nguo zifukizwe, siku zihesabiwe, na ada ilipwe na hujaji mwenyewe. Mtindo wa kumfunga mtu kisha kumpa bili una umri mkubwa kuliko hoteli za karantini za wakati wa korona.

Na ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akirudi likizo kutoka Bombay je? Huyo alipita Mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869. Katika mkataba wa Venice wa 1892 Uingereza ilipigania meli zake ziruhusiwe kuvuka mfereji bila abiria kukanyaga nchi kavu, na ikafanikiwa. Wote wawili walitoka India moja, penye kipindupindu kimoja. Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896, serikali ya kikoloni ilizuia mahujaji kuondoka bandarini humo mwaka uliofuata, huku mali na watumishi wa serikali wakiendelea kusafiri.

Pwani yetu ina sura yake katika habari hii. Kipindupindu kilichoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870 kilifuatiliwa na James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akiishi mjini humo, naye akachapisha kitabu chake London mwaka 1876. Alifikia hitimisho lililowashangaza waliozoea kulaumu majahazi: safari ile ugonjwa ulipita bara, ukafuata njia za misafara katika nchi ya Wamasai, ukatokea pwani kupitia Pangani. Hata hivyo walinzi waliendelea kuikodolea macho bahari. Jela iliyojengwa katika kisiwa cha Changuu miaka ya 1890, kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani wa Zanzibar, haikupata kufunga wahalifu. Ikageuzwa kituo cha karantini cha wasafiri waliokuja kwa meli. Watalii wanaokwenda leo kuwaona makobe hupigwa picha mbele ya kuta hizo wakidhani ni historia ya wafungwa.

Wapo waliofunga mlango wakanusurika, na haki itendeke kwa kulisema. Novemba 1918 meli ya Talune iliyotoka Auckland iliingia Apia bila kuzuiwa, ikaleta mafua. Samoa ya Magharibi ilipoteza zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano. Samoa ya Marekani, jirani yake wa karibu kabisa, iliwekewa karantini na gavana John Poyer, na mafua hayakuua mtu. Kisiwa kidogo kinaweza. Nchi yenye mipaka ya nchi kavu, madereva wa malori na watu wa kabila moja pande zote mbili, hiyo ni hesabu nyingine.

Ndege zilileta hofu mpya. Njia ya London hadi Mwanza ilipofunguliwa mwaka 1931, India ilianza kuhofia mbu wa homa ya manjano kutoka Afrika. Mkataba wa usafiri wa anga ukatiwa saini The Hague mwaka 1933, chanjo ikapatikana mwaka 1937, na kwa muda kidogo ilionekana kana kwamba swali limepata jibu la haki: onyesha kadi, upite. Lakini kadi husomwa na mtu. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg kwa kudai kadi zao za njano si halali. Nigeria ikawarudisha Waafrika Kusini kwa zamu yake, na Pretoria ikaomba radhi. Marekani nayo, tangu 1987 hadi Januari 2010, ilimzuia mgeni mwenye virusi vya UKIMWI kuingia, ilhali virusi vilikuwa vimeshaenea ndani ya mipaka yake. Kijana wa Mombasa au Kampala anayekwenda Ghuba kutafuta kazi hupimwa damu na mapafu kabla ya kupata viza, na majibu mabaya humaliza safari hapohapo.

Basi ilipofika 30 Januari 2020, Tedros Adhanom, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alipotangaza dharura ya kimataifa ya korona na kusema hapendekezi vikwazo vya safari, kanuni za afya za kimataifa za 2005 zilikuwa upande wake. Zinasema hatua zisizidi kile kinachohitajika. Ndani ya miezi miwili karibu kila serikali ilikuwa imeziweka kando. Si ajabu, hofu ilikuwa ya kweli na hospitali zilikuwa zikijaa. Cha kutazama ni mstari ulichorwa wapi.

Tarehe 19 Machi Falme za Kiarabu zilisimamisha hata wakaazi wenye viza halali waliokuwa nje, katika nchi ambayo wengi wa wakaazi wake ni wageni. Mtu aliyekwenda Zanzibar kwa arusi ya wiki moja alibaki na funguo za nyumba ya Dubai mfukoni. China ilisitisha kuwaingiza wageni wenye viza na vibali vya ukaazi kuanzia 28 Machi, na mwezi uliofuata huko Guangzhou Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kupimwa kwa lazima, mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya malalamiko. Japani ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mgeni aliyeondoka kuanzia 3 Aprili, hata mwenye ukaazi wa kudumu, mwenye mke na watoto Wajapani, hakuruhusiwa kurudi kutoka nchi zilizoorodheshwa, ilhali raia wa Japani akishuka kwenye ndege ileile alipimwa akaruhusiwa kuingia. Wageni wakaazi walikuwa karibu milioni 3. Masharti yalilegezwa Septemba. Kirusi hakikagui pasipoti, na wataalamu wa Tokyo hawakuhitaji kuelezwa hilo. Kenya, ambayo hakuna anayeitaja kama kielelezo, ilipotangaza masharti yake 15 Machi iliwaweka raia na wageni wenye vibali kwenye fungu moja.

Kulikuwa na pahala pamoja ambapo ugeni ulikuwa bahati. Hija ya 2019 ilikuwa na watu karibu milioni 2.5. Ya 2020 ilikuwa na watu wapatao 1,000, wote waliokuwa tayari ndani ya Saudia, na serikali ilitenga asilimia 70 ya nafasi kwa wageni wakaazi. Wazee waliodunduliza fedha za Hija miaka mingi huku kwetu walibaki wakitazama televisheni.

Afrika Mashariki tulifungiana wenyewe. Mei 2020 madereva wa malori walikwama Namanga, Holili na Malaba wakisubiri vipimo, wengine wakilala chini ya magari. Kenya ilipofungua anga 1 Agosti bila kuitaja Tanzania kwenye orodha yake, Dar es Salaam ikazuia ndege za Kenya Airways siku hiyohiyo, hadi katikati ya Septemba. Februari 2021 Oman iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 10 zilizozuiwa, raia wake wenyewe wakisamehewa. Kwa familia zenye tawi moja Muscat na jingine Mkunazini, Unguja, waliopita ni wenye pasipoti ya Oman. Uingereza nayo iliiweka Tanzania kwenye orodha yake nyekundu Januari mwaka huo, kisha ikaiweka Kenya Aprili. Mwenye haki ya kuishi Uingereza aliweza kurudi, ila kwa siku 10 hotelini na pauni 1,750. Kwa muuguzi wa Kikenya aliyekwenda kumzika mamake, hiyo ni ada ya Kamaran kwa sarafu nyingine. Kenya ilijibu kwa masharti yake dhidi ya wasafiri wa Uingereza.

Australia ilikwenda mbali hadi kuwageuka wake. Ilizuia raia kutoka tangu Machi 2020, ikaweka kikomo cha wanaoingia kwa wiki, na Mei 2021 ikatishia kifungo cha hadi miaka mitano kwa Mwaustralia yeyote atakayerudi akitokea India. Wengi waliokwama kule walikuwa wenye asili ya India. Ndege zilipotoka Marekani na Uingereza katika miezi mibaya ya huko, tishio la jela halikusikika.

Sheria ya kumtetea mtu huyu ipo, ingawa ni nyembamba. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia wa 1966 unakataza mtu kunyimwa kiholela haki ya kuingia nchi yake, na mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba nchi ya mtu yaweza kuwa pana kuliko uraia wake, hata kumgusa mkaazi wa muda mrefu. Kanuni za afya zilifanyiwa marekebisho Juni 2024 na mkataba wa majanga ukapitishwa Mei 2025, baada ya mabishano mengi kuhusu chanjo, sampuli za virusi na fedha.

Hata kufungua kulikuja na malipizi: China ilichelewa hadi 8 Januari 2023. Siku zilezile Marekani, Italia, Japani na Korea Kusini ziliwadai wasafiri kutoka China vipimo vya ziada, na tarehe 10 China ikaacha kuwapa Wakorea viza za muda mfupi.