Tarehe ya Baiskeli ya Mlimani na Kazi ya Kuifufua

Vyombo vingi vya safari hutoka kwanza kiwandani ndipo vikafika mikononi mwa watu, na kutoka mikononi mwa watu vikaishia jalalani; baiskeli ya mlimani ilikwenda kinyume cha mwendo huo, kwa kuwa ilianzia jalalani, ikapita mikononi mwa vijana wasiokuwa na mali nyingi, na kiwanda kikawa cha mwisho kuijua. Kwa sababu hiyo mtu anayeketi leo kuitengeneza upya baiskeli ya mlimani ya miaka ya 1980 hafanyi jambo geni katika tarehe ya chombo hicho, bali anairudia kazi ile ile iliyokileta duniani. Na namna anavyoirudia ndiyo inayoamua kama tarehe hiyo ameihifadhi au ameifuta.

Asili yake ni kampuni ya Schwinn ya Chicago, nchini Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1895. Mwaka 1933, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka na watu wazima wa nchi ile wamekwisha kuiacha baiskeli kwa ajili ya gari, kampuni hiyo ilitoa sokoni baiskeli ya watoto yenye matairi manene ya inchi 2.125, kwa mfano uliotwaliwa Ujerumani, na fremu nzito iliyokusudiwa kustahimili ukorofi wa mvulana anayeruka vizingiti na kuitupa baiskeli yake uani. Baadhi yake zilipambwa kwa tangi la bandia ili zifanane na pikipiki. Katika jamii hiyo ndimo ilimotoka ile iliyoitwa Excelsior, ya miaka ya mwisho ya 1930 na ya mwanzo ya 1940, ambayo shingo yake ililala kidogo kuliko za wenzake, na kwa ulalo huo ikawa tulivu katika mteremko, sifa ambayo waundaji wake hawakuitafuta wala hawakuitangaza. Watoto wakakua, baiskeli zikaingia mabandani, zikashika kutu kwa muda wa miaka 30.

Waliozitoa humo walikuwa watu wa Marin, wilaya iliyo kaskazini ya San Francisco, chini ya mlima Tamalpais wenye kimo cha mita 784. Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze walikuwa wanachama wa Velo-Club Tamalpais, washindani wa mbio za barabarani, wenye baiskeli nyembamba na za thamani. Lakini siku walizotaka furaha bila ya mashindano walizipanda Schwinn kongwe walizozinunua kwa dola chache, wakizivua mabamba ya matope, tangi la bandia na kila pambo lisilokuwa na kazi, wakazisukuma hadi kileleni na kuteremka nazo. Tarehe 21 Oktoba 1976 walikusanyika katika njia ya vumbi ya wazima moto, karibu na mji mdogo wa Fairfax, ambayo hushuka kadiri ya mita 400 katika mwendo usiozidi kilomita tatu na ushei, wakashindana kwa saa, mmoja baada ya mmoja. Alan Bonds akashinda, na yasemwa kwamba ni yeye peke yake ambaye hakuanguka.

Baiskeli zile zilikuwa na breki moja tu, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambayo hushika pale mwendeshaji anapokanyaga pedeli kinyumenyume. Katika mteremko mkali namna ile kitovu kilipata moto hata grisi ikayeyuka, ikaungua na kufuka moshi njia nzima, na aliyefika chini hakuwa na budi ya kukifungua, kuziosha gololi na kukijaza grisi mpya kabla ya kuthubutu kuteremka tena. Mteremko ukaitwa Repack kwa ajili ya kule kujaza grisi upya. Fisher aliwahi kuushuka kwa dakika 4 na sekunde 22, kasi ambayo haikupitwa katika mashindano yale, na Breeze akawa nyuma yake kwa sekunde mbili tu. Hata hivyo njia mashuhuri kuliko zote katika mchezo huu haikupewa jina la bingwa yeyote, ilipewa jina la kazi ya fundi, na kwa rai yangu waliolichagua walikuwa na insafu.

Kuzitia baiskeli hizo giya nako hakukubuniwa na watu wa Marin peke yao, ingawa sifa aghalabu hupewa wao. Mwezi wa Desemba 1974 walitokea mashindanoni mjini Mill Valley vijana wachache wa mji wa Cupertino, wasio wa Marin, wakiwa na baiskeli za matairi manene zilizotiwa giya za kuhamisha mnyororo, zikiendeshwa kwa vitasa vya gumba juu ya usukani. Wakashindana, wakaenda zao, na tarehe haikuwakumbuka sana. Fisher naye akaitia Schwinn yake giya na breki za ngoma zenye mikono ya pikipiki, na tangu hapo iliwezekana kuupanda mlima kwa kukanyaga badala ya kusukuma. Ila fremu za watoto hazikuumbwa kwa mateso hayo. Zilipinda na kuvunjika moja baada ya nyingine, mpaka Kelly akamwomba Breeze amuundie fremu mpya kwa mabomba ya chuma chepesi kilichochanganywa kromi. Baiskeli ya kwanza ya Breeze, ya mwaka 1977, imewekwa leo katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Tom Ritchey akafuata kwa fremu zake, ambazo Fisher na Kelly walianza kuziuza mwaka 1979, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyoundwa Japani na kuuzwa kwa dola 750. Baada ya hapo ni habari ya viwanda na biashara, nami sina haja ya kuirefusha.

Ni baiskeli za miaka ya 1980, na za miaka michache iliyofuata, ambazo sasa hutafutwa na wapenzi wa vitu vya kale, na baadhi yake zimefika mpaka pwani yetu ndani ya makontena ya mitumba, zikapandwa na wauza samaki na wanafunzi wasiojua, wala wasiokuwa na sababu ya kujua, kwamba nasaba ya baiskeli hizo ni ya Tamalpais. Adui wa kwanza wa baiskeli hizi si kutu inayoonekana kwa macho. Ni bomba la kiti. Bomba hilo aghalabu ni la alumini, nalo limekaa miaka 30 au 40 ndani ya bomba la chuma. Mvua na jasho vimepenya kati yao, alumini ikatoa unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, na mabomba mawili yakashikana kana kwamba yamechomelewa. Fundi mwenye pupa hulipiga nyundo, akaipasua fremu ambayo unene wa chuma chake haufiki milimita moja. Fundi mwenye subira huipindua fremu miguu juu, akamimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la mhimili wa pedeli, akaiacha mpaka kesho na kesho kutwa, kisha akalibana bomba la kiti katika jiriwa na kuizungusha fremu yenyewe polepole, kushoto na kulia, hata asikie mlio mkavu wa unga ule ukivunjika. Likitoka, na alipime kwa kaliperi kabla ya kununua jingine, kwani mabomba hayo hutafautiana kwa milimita 0.2, na mtu aliyetia la 26.8 mahali pa 27.2 atakaza bolti mpaka aiharibu shingo ya kiti.

Yaliyobaki ni mepesi kuliko hilo. Grisi ya vitovu imekauka ikawa kama nta. Huoshwa kwa mafuta ya taa, gololi zikahesabiwa na kubadilishwa zote pamoja, hata zile zinazong'aa. Vitasa vya gumba vya zamani, visivyokuwa na mlio wa hatua, hufanya kazi kama siku vilipotoka dukani, ilhali vile vya baadaye, vyenye ufundi mwingi ndani, hunata na kukataa mpaka vioshwe. Breki zilizofungwa chini ya fremu nyuma ya pedeli, bidaa iliyoenea kati ya 1986 na 1988, hukusanya tope lote la njia na hazistahiki kusifiwa, lakini anayeirudisha baiskeli ya zama hizo hana ruhusa ya kuziondoa.

Hapo ndipo penye mzozo wa kweli, nao unahusu zaidi rangi. Wapo wanaoikwangua fremu mpaka chuma cheupe, wakaipaka rangi ya unga iliyookwa, nene na inayometa, wakabandika nembo zilizochapwa juzi, wakaiita baiskeli ya mwaka 1983. Fremu ya Ritchey, mathalani, imeungwa kwa shaba, na maungio yake yakapigwa tupa na mikono mpaka yakawa laini bila ya mshono. Rangi nene huuzika ustadi huo wote, na asiyejua hataona tafauti kati yake na fremu ya kiwanda chochote. Kukwangua kunafaa pale tu kutu inapokila chuma chenyewe. Mikwaruzo ya mawe, rangi iliyopauka kwa jua, na nembo iliyochanika nusu vina haki ya kubaki kama ilivyobaki namba ya fremu.

Basi msomaji uliye na fremu ya namna hiyo, kabla hujagusa msasa, ipindue usome namba iliyogongwa chini ya mhimili wa pedeli, uiandike, na upige picha ya rangi na nembo zote kama zilivyo. Ndipo ufungue bolti ya kwanza.