Somo la Historia: Saa ya Pima Hamsini

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: saa, pima, mzamiaji.

Pima ni kipimo cha wazee wetu wa pwani. Nyosha mikono yako miwili; toka ncha ya kidole cha huku hata ncha ya kidole cha kule ndiyo pima moja. Mabaharia hupima kina cha bahari kwa pima, na kwa hesabu ya Waingereza pima moja ni futi sita, yaani mita 1.83. Sasa fanyeni hesabu. Pima 50 ni mita ngapi? Ni mita 91 na nusu. Itunzeni hesabu hiyo, maana tutairudia.

Mtu wa Himo aweza kusema, "Sisi tu watu wa mlimani. Saa ya mzamiaji yatuhusu nini?" Yatuhusu, kwa kuwa saa za mfano huo, za kweli na za bandia, zauzwa kila mahali, na watu hutoa fedha zao kwa kupenda sura tu. Pete nene inayozunguka kioo, mishale minene, namba kubwa: kila kimoja cha hivyo kina sababu yake. Asiyeijua sababu hununua pambo akidhani amenunua chombo.

Na kina kirefu cha maji hakiko mbali nasi. Upande wa mawio ya jua, mpakani mwa Tanzania na Kenya, liko Ziwa Chala. Ni shimo la volkano lililojaa maji, na kuta zake zimesimama kama ukuta wa nyumba. Kina chake ni mita zipatazo 90, karibu sawa na pima zetu hamsini. Huko chini maji hukandamiza kila sentimeta moja ya mraba kwa uzito wa kilo 9 zaidi ya tulivyozoea hapa juu. Fikirini saa ya mkono ikiwa mahali hapo.

Zamani mzamiaji hakuwa na saa. Katika Ghuba ya Uajemi watu walizamia kutafuta lulu, na miongoni mwao walikuwamo watumwa wengi waliotolewa Afrika ya Mashariki, na watoto wao. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akafungwa jiwe mguuni, akashuka. Juu ya jahazi mwenzake alishika kamba. Alipoishiwa pumzi aliitikisa kamba, akavutwa juu. Saa yake ilikuwa kifua chake mwenyewe, na ilihesabu dakika moja, au moja na nusu. Baada ya miaka ya 1920 kazi hiyo ilianguka, kwa sababu Wajapani walijua kuzalisha lulu kwa ufugaji, na biashara ya dunia nzima ikaharibika.

Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa ya mkono ambayo mfuniko wake wa nyuma na kifundo chake cha pembeni vilikazwa kwa skrubu ili maji yasiingie. Mwaka uliofuata mwanamke Mwingereza, Mercedes Gleitze, alivuka kwa kuogelea bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Watu wengine walimtilia shaka, akaingia tena majini tarehe 21 Oktoba 1927, safari hii akiwa na saa ya Rolex. Baridi ilikuwa kali mno, na baada ya saa zaidi ya kumi alitolewa kabla hajafika. Saa ilikuwa bado inakwenda. Tangazo la biashara lililotoka gazetini lilisifu saa sana. Yafaa tukumbuke kuwa aliyetetemeka ni mama yule.

Mambo yalibadilika kabisa mwaka 1943. Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo cha kumpa mtu hewa ya mtungi akiwa chini ya maji. Sasa mzamiaji hakuhitaji kamba wala kubana pumzi. Lakini hatari mpya ilizaliwa. Hewa ya mtungi huisha, na kadiri ashukavyo ndivyo iishavyo upesi: kwenye mita 30 mtungi hudumu robo tu ya muda wake wa juu. Tena akikaa sana kilindini, hewa huingia katika damu yake. Akipanda haraka, hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafula, na mtu aweza kupooza au kufa. Kifua hakitoshi tena kuwa saa. Dakika ndizo uhai.

Mwaka 1952 maofisa wawili wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, walitafuta saa kwa ajili ya askari wao wazamiaji. Mkuu wa kampuni ya Blancpain ya Uswisi, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mzamiaji yeye mwenyewe, na husimuliwa kwamba siku moja alisahau muda akaishiwa hewa majini. Mtu aliyeponea hapo hahitaji kuelezwa maana ya dakika. Saa yake ilitoka mwaka 1953, ikaitwa Fifty Fathoms, ndiyo kusema Pima Hamsini. Mwaka huo huo Rolex nao walitengeneza Submariner yao, ya mita 100. Saa hizo zingaliweza kulala chini kabisa ya Ziwa Chala.

Tuitazame ile pete. Mzamiaji akiingia majini huizungusha mpaka alama yake kuu ielekee mshale wa dakika. Baadaye hutazama mshale umefika namba gani ya pete. Kama ni 20, basi dakika 20 zimepita. Hapa sisi Waswahili tuna neema kidogo. Saa yetu na saa ya Kizungu hutofautiana kwa sita, lakini dakika ni zile zile, na pete hupima dakika. Mzamiaji wa Mafia na mzamiaji wa Marseille waisoma sawasawa.

Lakini pete ikigonga mwamba ikajizungusha? Ikisogea mbele, itasema muda uliopita ni mchache kuliko kweli, na mtu atakaa chini akidhani ana hewa. Fiechter alifanya pete isizunguke mpaka ikandamizwe kwanza. Baadaye mafundi walipata njia bora: pete izungukayo upande mmoja tu, kinyume cha mishale. Ikigongwa, hukosea kwa kuzidisha muda, na mzamiaji hupanda mapema. Kosa hilo halimuui mtu. Kwangu mimi, katika saa nzima hakuna wazo zuri kupita hili.

Sasa jambo la huzuni. Chini ya maji ni giza, hivyo mishale hupakwa dawa ing'aayo. Zamani ilitiwa rediamu. Huko Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wasichana waliopaka nyuso za saa waliambiwa wachonge ncha ya brashi kwa midomo. Walimeza sumu ile kidogo kidogo. Mifupa ya taya zao ikaoza, wengi wakafa. Katika miaka ya 1960 rediamu iliachwa kwa tritiamu, yenye hatari ndogo zaidi, na baadhi ya saa za Blancpain ziliandikwa usoni kuwa hazitoi miale. Katika miaka ya 1990 ilienea dawa ya Kijapani isiyo na miale kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuzia saa ya kale ambayo dawa yake haing'ai tena, usidhani rediamu imekwisha. Mng'ao hufa, lakini miale huendelea kwa mamia ya miaka. Usiifungue wala kuikwangua.

Tarehe 23 Januari 1960 saa moja ya Rolex, yenye kioo kilichovimba kama kitunguu, ilifungwa nje ya chombo Trieste. Humo ndani walikuwamo Jacques Piccard na Don Walsh. Walishuka katika Bahari ya Pasifiki hata kina cha karibu mita 10,900. Kilimanjaro ina mita 5,895. Ungeuweka mlima wetu wote ndani ya shimo lile, juu ya kilele cha Uhuru yangebaki maji ya mita 5,000. Saa ilirudi juu inakwenda.

Baada ya hapo chombo kilianza kuwa pambo. Mwaka 1959 Submariner iliongezwa mabega mawili ya kukinga kifundo. Hiyo ilikuwa kazi ya kweli. Mwaka 1962 ilionekana mkononi mwa mpelelezi James Bond katika sinema. Mwaka 1969 iliwekwa tarehe, ingawa sijui nani huuliza tarehe akiwa chini ya bahari. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala tangu 1970, alitoa zawadi za Rolex, na baadhi yake zilikuwa za kuzamia, zenye alama ya jambia. Tangu miaka ya 1980 wazamiaji wakapata kompyuta ndogo za mkononi, na saa ikawa msaidizi tu. Hata hivyo bei haikushuka! Leo Submariner mpya ya chuma ni zaidi ya dola 9,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 20 zetu.

Mwenye fedha hizo ajue anachochagua. Kioo ambacho zamani kilikuwa cha plastiki sasa ni yakuti ya kutengenezwa, isiyochubuka kwa urahisi. Pete ya zamani ilififia juani. Tangu 2010 ya Submariner ya chuma ni ya kauri, isiyopauka. Mwaka huo pia mabega yalinenepeshwa, kwa maoni yangu mno. Mwaka 2020 upana uliongezwa toka milimita 40 hadi 41, lakini mabega yakapunguzwa, ikakaa vizuri zaidi mkononi. Blancpain ya 2007 ina milimita 45. Kwa mkono mwembamba ni kama sufuria. Mimi ningechukua isiyo na tarehe.

Asiye nazo asisikitike. Seiko ya Japani ilitoa saa yake ya kwanza ya kuzamia mwaka 1965, ya mita 150, na hata leo kampuni hiyo hutengeneza za bei nafuu zifanyazo kazi ile ile. Lakini angalieni maandishi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua saa iliyoandikwa mita 30, nikaoga nayo mtoni, na jioni kioo kilikuwa na ukungu kama dirisha la basi. Mita 30 maana yake ni kuvumilia matone, si kuzamia. Kwa kawaida ya kimataifa iliyowekwa 1982, saa ya mzamiaji haipungui mita 100, na lazima isomeke gizani. Na iwe mpya au ya mtumba, pete zake za mpira za ndani huzeeka. Fundi mwenye mashine ya kupimia maji aijaribu kwanza.

Sasa zoezi. Mwalimu achore uso wa saa ubaoni. Mzamiaji aliingia majini saa nne na dakika 10, akaelekeza alama ya pete kwenye mshale wa dakika. Sasa ni saa nne na dakika 35. Amekaa dakika ngapi? Pete yake imegonga jiwe, ikarudi nyuma dakika 5. Itaonyesha ngapi? Je, apande au aendelee?