Jinsi kompyuta inavyotabiri mvuke chini ya ardhi ya Nakuru

MAJI yanayochemshwa Mombasa huchemka kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi. Katika jiji la Nakuru, lililo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi, kwa kuwa kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ni ndogo huko.

Uhusiano huu huonyeshwa kwa mchoro wa hali. Mchoro huo ni mithili ya ramani inayobainisha ni katika joto na kanieneo gani kitu huwa yabisi, kimiminika au gesi. Wahunzi wa kisasa huutumia kwa metali. Katika Bonde la Ufa, mchoro wa maji ni suala la umeme.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Kanieneo kubwa chini ya ardhi huyazuia maji kuchemka hata yakipita nyuzijoto 200. Yanapopanda kisimani, kanieneo hupungua na sehemu yake hugeuka mvuke unaozungusha mitambo.

Katika miaka ya 1980, wataalamu wakiwemo Gudmundur Bodvarsson na Karsten Pruess wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, waliunda mfano wa Olkaria kwa kompyuta. Eneo la chini liligawanywa vipande, hali ya maji ikakokotolewa katika kila kipande, kisha majibu yakalinganishwa na vipimo vya visima.

Siku hizi zipo programu zinazojifunza kutokana na data, ambazo hutabiri hali za maji na za metali kwa kasi zaidi. Hata hivyo, zikivuka mipaka ya data zilizofunzwa, huweza kupotoka.

Hatari hiyo hudhihirika Menengai, kaskazini mwa jiji la Nakuru, ambako uchimbaji ulianza mwaka wa 2011. Baadhi ya visima vilikuta magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, kwenye kina cha takriban mita 2,100. Maji yakipita nyuzijoto 374, na kanieneo ikizidi ile ya hewa ya pwani takriban mara 218, tofauti ya maji na mvuke hutoweka. Karibu na magma joto huweza kupita kiwango hicho, na vipimo vya mazingira hayo ni haba.

Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola. Kompyuta husaidia kuchagua pa kuchimba, lakini kipimo cha kisimani ndicho hakimu wa mwisho.