Wagikuyu kwenye Mizani

Babu zetu walipimwa kimo, wakapimwa uzito, wakapewa kifaa cha chuma wakibane kwa kiganja hadi mshale wake uonyeshe nguvu zao. Meno yao mabovu yalihesabiwa. Hayo yalifanyika katika miaka ya 1920, na Wamaasai nao walipimwa vivyo hivyo ili makabila mawili majirani yalinganishwe. Mwaka 1931 matokeo yalichapishwa London na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Waandishi walikuwa John Boyd Orr, mkuu wa Taasisi ya Rowett kule Aberdeen, na J. L. Gilks, aliyeongoza idara ya afya ya koloni la Kenya.

Mwanamume wa Kimaasai, walisema, alimzidi Mgikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, na nguvu zake zilikuwa kubwa kwa nusu nzima. Mmaasai alikunywa maziwa, akala nyama, akanywa damu ya ng'ombe. Mgikuyu alikula nafaka, viazi, ndizi na maharagwe. Mgikuyu ndiye aliyekutwa na vidonda vya miguu, mapafu yanayougua kila mara, upungufu wa damu, mifupa iliyopinda na meno yaliyotoboka. Mmaasai alikuwa na yake pia, kufunga choo na baridi yabisi, lakini hayo mawili husahaulika kila ripoti hii inaposimuliwa.

Mimi ni Mgikuyu wa Nyeri, na kazi yangu ilikuwa lishe hospitalini hadi nilipostaafu. Tulifundishwa ripoti hii chuoni kama ushahidi kwamba anayeishi kwa mimea hudhoofika. Mwanafunzi mwenzetu mmoja kutoka Narok aliifurahia sana. Sisi wa mlimani tuliinamia madaftari.

Nilipokuja kuisoma tena nikiwa kazini, jambo la kwanza nililotaka kujua ni huyu Mgikuyu aliyepimwa alikuwa amekula nini mwaka huo, na kwa nini. Orr alitokea upande wa mifugo. Taasisi yake ilikuwa ikichunguza madini yaliyomo kwenye malisho, na alipowatazama watu alitafuta kalsiamu vilevile alivyoitafuta kwenye nyasi. Si kosa. Ila nyasi haitozwi kodi. Mgikuyu wa wakati ule alikuwa amekwisha kutozwa kodi ya kibanda kwa zaidi ya miaka ishirini. Sehemu kubwa ya Kiambu ilikuwa mikononi mwa walowezi. Kijana aliyetaka fedha ya kodi alivaa shingoni kipande, kile kitambulisho cha kazi, akaenda shamba la mzungu, na huko chakula chake kilikuwa posho, ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku, na maharagwe ikiwa bwana shamba ana moyo. Wamaasai nao walinyang'anywa ardhi, kwa mikataba ya 1904 na 1911, wakapelekwa Laikipia, kisha wakahamishwa tena kutoka huko kwenda kusini. Lakini ng'ombe waliosalimika katika safari ile walibaki wao. Aliyepoteza malisho bado alikamua. Aliyepoteza shamba alipewa unga.

Na unga wenyewe ulikuwa umebadilika. Kabla ya mahindi meupe kutawala, mlima wetu ulikuwa wa wimbi, mawele na mtama. Wimbi lina kalsiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi. Anayekula ugali wa mahindi mchana na uji wa mahindi jioni, na anayekula wimbi na kunde na majani, wote wawili huandikwa kwenye daftari la daktari kwamba wanakula mimea. Neno ni moja na miili ni miwili.

Ripoti yenyewe ina habari ambayo walioinukuu hawakuijali: wanawake wa Kigikuyu walikula majani mabichi ambayo wanaume hawakuyagusa, na majani hayo yalikuwa na kalsiamu nyingi. Hilo sikuhitaji kulisoma London. Cucu wangu, mama mzaa baba, alikuwa na kipande cha shamba nyuma ya jiko ambacho mwanamume hakukikanyaga. Humo mlikuwa na terere (mchicha), managu (mnavu), majani ya kunde, majani ya malenge, na pembeni thabai, ule mmea unaowasha mikono, ambao aliuchuma kwa kukunja jani la mgomba kiganjani. Babu alisema hicho ni chakula cha mbuzi na wanawake. Babu alikufa hana meno. Cucu alikufa akiwa na umri mkubwa kuliko wake, akitafuna mahindi ya kuchoma. Sidai kwamba nyumba moja ni utafiti.

Mwanamke aliyejifungua alipikiwa njahi, zile fiwi nyeusi zenye mstari mweupe, akanyweshwa ucuru, uji wa wimbi uliochachushwa. Mafundisho ya chuoni yalikuja kunieleza sababu: nafaka na maharagwe huwa na fitati, kitu kinachoshika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini, na kuchachusha, kuloweka au kuotesha mbegu huipunguza. Cucu hakuijua fitati. Alijua uji usiochacha haumrudishii mzazi nguvu.

Wala Wagikuyu hawakuwa walaji wa mimea kwa imani, kama walivyo Wahindu wengi na Wajaini waliofungua maduka Nairobi. Samaki hakuliwa, nyama ya porini haikuliwa, kuku alidharauliwa, lakini mbuzi alichinjwa kwa tohara, kwa mahari, kwa baraza la wazee. Mbuzi alikuwa benki kabla ya kuwa mchuzi. Nyama ilikuja kwa msimu, na iliwafikia wanaume kwanza.

Nisije nikaonekana namtetea cucu kupita kiasi, tuvuke mpaka twende Uganda. Hugh Trowell alianza udaktari wa kikoloni hapa Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Kampala katikati ya miaka ya 1930. Alikuwa akiona watoto wenye miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka rangi, ngozi inayobambuka, na nyuso zisizocheka. Mwanzoni alidhani ni pelagra. Cicely Williams, daktari wa kikoloni kule Accra, alikwisha kuueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 aliutaja kwa jina la wenyeji, kwashakoo kama tunavyoiandika leo: ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Trowell na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Watoto wa Buganda walilelewa kwa matoke. Matoke ni chakula kitamu na chenye heshima, lakini gramu 100 zilizopikwa zina kama gramu moja tu ya protini. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu hujaa kabla mwili haujapata kitu. Leo wataalamu wanasema chanzo cha kwashakoo si protini peke yake, maambukizi na mengine yamo, lakini hakuna aliyewahi kusema mtoto anatosheka na ndizi.

Hospitali ya Mulago kule Kampala ilifungua kituo cha Mwanamugimu mwaka 1965, na huko tiba ilikuwa sufuria. Mama alikaa na mwanawe, akajifunza kupika kitobero: matoke yaleyale, pamoja na maharagwe au karanga zilizosagwa, mboga za majani, na maziwa, yai au dagaa kikipatikana, vyote katika chungu kimoja. Mtoto alipona mbele ya macho yake, kwa vyakula ambavyo vingi vilitoka shambani kwake. Sijui mbinu iliyonifaa kazini kuliko hiyo. Nilipokuwa nikizungusha utepe wa kupima utapiamlo kwenye mkono wa mtoto na kuona rangi nyekundu, sikuwahi kumwambia mama atafute nyama. Nilimuuliza maharagwe anayapondea nani.

Sasa kinachonipendeza kwa Trowell ni kwamba mtu huyohuyo aliona upande wa pili. Mwaka 1956 yeye na daktari mwenzake waliandika makala juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja, makala nzima, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo alikuwa adimu. Huko Mulago alikuwapo pia Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, ambaye naye alishangazwa na maradhi asiyoyaona: kidoletumbo, saratani ya utumbo mpana, vifuko vya utumbo, magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza. Burkitt alirudi Uingereza katikati ya miaka ya 1960 akaanza kupima choo. Mwaka 1972 yeye na wenzake Walker na Painter walionyesha katika jarida la Lancet kwamba mwanakijiji wa Uganda hutoa choo kizito zaidi ya mara tatu ya Mwingereza, na chakula hupita tumboni mwake haraka zaidi. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell walihariri pamoja kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa. Mwandishi wa kitabu cha kwashakoo sasa aliusifu ulaji uleule wa mimea, uleule wa Afrika Mashariki. Aliyejua ni nani anayekula, mtoto wa miaka miwili au mzee wa miaka hamsini, hakuona kinzano.

Burkitt alizidisha chumvi kidogo, naona. Wagonjwa wengi wa vijijini hawakufika hospitalini, na wengi hawakufikia umri wa kuugua saratani. Lakini kitu alichokishuku kilitokea. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliohama vijiji vya Nyanza kwenda Nairobi, na shinikizo la damu lilianza kupanda mapema baada ya kufika: chumvi iliongezeka, potasiamu ya mboga na matunda ikapungua.

Siku hizi majani ya cucu yanauzwa supamaketi, yamefungwa kwa karatasi ya plastiki, kazi ambayo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ameisukuma kwa miaka mingi. Na vijana wa Nairobi hunijia wakisema wameacha nyama, wengine na maziwa. Sitaji Wamaasai. Nauliza wanakula nini badala yake, na jibu mara nyingi ni chipsi, mkate mweupe na soda, ambavyo vyote ni mimea. Nawaambia vitamini B12 haimo kwenye terere wala njahi, na aliyeacha maziwa na mayai pia ameze kidonge bila kubishana, hasa mwanamke anayetaka kuzaa. Nawaambia waloweke maharagwe, wakamulie limau kwenye managu ili madini ya chuma yapite. Hayo hukubaliwa. Kisha nawaambia chai isinywewe pamoja na chakula, wasubiri saa moja, kwa kuwa chai huzuia chuma, na hapo ndipo wananitazama kama Orr alivyotazamwa alipotoa kile kifaa cha chuma.