Nani Anapanga Ukubwa wa Kitundu?

Anayefungua bomba Columbia Heights, mji wa Minnesota, Marekani, uliopakana na Minneapolis upande wa kaskazini, anakunywa Mto Mississippi. Maji huvutwa Fridley, husukumwa hadi mlimani, kisha hupitishwa kwenye vitundu vya mtambo wa kuyasafisha. Nami naisoma historia ya mtambo huo kwa swali moja: nani anapanga ukubwa wa kitundu?

Mwanzoni mwa karne ya 20 homa ya matumbo iliwaua wengi Minneapolis. Klorini ikaanza kutiwa mwaka 1910, na mwaka 1913 mtambo wa kuchuja kwa mchanga ukafunguliwa Columbia Heights. Nafasi kati ya chembe na chembe za mchanga ni bahati nasibu. Uchafu mdogo lazima ugandishwe kwa dawa kwanza ndipo unaswe. Mwaka 1993, Milwaukee katika jimbo jirani la Wisconsin, kijidudu cha kriptosporidiamu kilipenya machujio, klorini isikiweze, kikawaharisha watu wanaokadiriwa kuwa 403,000. Mwaka 2005 Columbia Heights ikawasha mtambo wa utando: maelfu ya nyuzi zilizo wazi ndani kama mirija, maji yanapenya kuta zake, vijidudu vinazuiwa. Kitundu sasa ni cha kiwandani, ingawa hakijawa sawasawa na mwenzake.

Usawa huo waliutafuta wanakemia. Msweden Axel Cronstedt aliipa zeolaiti, madini yenye vitundu vinavyolingana, jina mwaka 1756. Mwaka 1948 Richard Barrer akapika maabara zeolaiti ambayo ardhi haikuwahi kuitoa. Kisha, miaka ya 1990, Omar Yaghi na wenzake wakaunganisha vifundo vya metali kwa vijiti vya kaboni wakapata viunzi vyenye vyumba: refusha kijiti, chumba kinapanuka. Gramu moja ya MOF-5, kiunzi kimojawapo cha mwaka 1999, ina kuta zenye eneo la mita za mraba zipatazo 2,900. Kwa viunzi hivyo, Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 walipewa Yaghi, Susumu Kitagawa na Richard Robson.

Mwaka 2014, kilomita chache kusini mwa mtambo wa Columbia Heights, Laura Gagliardi wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kuongoza kituo kilichotumia kompyuta kuchagua metali za kupachikwa ndani ya viunzi vya aina hiyo vya zirkoni ili vigeuze gesi asilia.

Bombani, hata hivyo, mchanga haujastaafu. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Arusha alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lililochanganya mchanga na chembe za nano, likirekebishwa kulingana na uchafu wa kila eneo. Kwao kaskazini mwa Tanzania, tatizo ni floraidi.