Papwa Sewgolum: Bingwa wa gofu aliyepokea kombe lake mvuani

MVUA ilikuwa ikinyesha mjini Durban, Afrika Kusini, mwaka wa 1963 wakati Sewsunker Sewgolum alipotawazwa bingwa wa mashindano ya gofu ya Natal Open. Wazungu aliokuwa amewabwaga walikuwa wamejikinga ndani ya jengo la klabu ya Durban Country Club. Yeye, kwa kuwa alikuwa Mhindi, hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha jengo hilo. Alikabidhiwa kombe lake nje, huku akilowa.

Picha za tukio hilo zilisambaa duniani na kuitia Afrika Kusini aibu. Hata hivyo, kumbukumbu ya mvua hiyo imewafanya wengi wasahau jambo la msingi: kwamba mtu aliyesimama pale nje alikuwa miongoni mwa wanagofu bora zaidi waliopata kuzaliwa barani Afrika.

Alianza kama kedi

Sewgolum, aliyejulikana na wengi kwa jina la Papwa, alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 katika jamii ya Wahindi wa Natal. Wengi katika jamii hiyo ni vizazi vya vibarua ambao Waingereza waliwaleta kuanzia mwaka wa 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Familia yake ilikuwa maskini, naye hakupata elimu ya shule.

Kama vijana wengi wa hali yake, aliingia katika uwanja wa gofu akiwa kedi, yaani kijana anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji na kumfuata kutoka shimo hadi shimo. Kazi hiyo aliifanya katika klabu ya Beachwood, Durban. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa kutazama, kisha akaenda kuiga alichokiona.

Huko kujifunza peke yake ndiko kulikompa mtindo uliowashangaza wajuzi. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia hushika fimbo mkono wa kushoto ukiwa juu na wa kulia chini yake. Papwa alifanya kinyume: mkono wake wa kushoto ulikuwa chini. Mkufunzi yeyote angemrekebisha siku ya kwanza, lakini mpira ulienda alikotaka uende. Mshiko huo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Aliyetambua kipaji chake ni Graham Wulff, mkemia Mzungu wa Durban aliyevumbua mafuta ya kujipaka ya Oil of Olay. Kwa kuwa Papwa hakuwa na nafasi ya kushindana na wachezaji bora nchini mwake, Wulff alimsaidia kwenda Ulaya mwaka wa 1959.

Ushindi Uholanzi

Matokeo hayakukawia. Mwaka huohuo wa 1959, kedi huyo wa zamani alishinda mashindano ya Dutch Open nchini Uholanzi. Mwaka uliofuata alirejea na kulihifadhi taji hilo, na mwaka wa 1964 akalinyakua kwa mara ya tatu.

Mtu aweza kushinda mara moja kwa bahati. Kushinda mara tatu katika muda wa miaka sita, tena ugenini, ni ustadi. Mwaka wa 1963 pia alishiriki katika British Open, mojawapo ya mashindano makuu manne ya gofu duniani, yaliyoandaliwa Royal Lytham, Uingereza. Alimaliza katika nafasi ya 13.

Kitendawili cha maisha yake kilikuwa hiki: Ulaya alipokewa kama bingwa, lakini katika mji aliozaliwa alihitaji kibali cha serikali ili acheze uwanja mmoja na Wazungu. Vibali hivyo vilipopatikana, vilimruhusu kupiga mpira tu. Vyumba vya kubadilishia nguo, meza za chakula na ukumbi wa kupokelea tuzo havikuwa vyake. Katika Natal Open ya 1963 aliwashinda Wazungu zaidi ya mia moja, na bado akabaki nje.

Ampiku Gary Player

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1965, alitwaa tena taji la Natal Open. Safari hii miongoni mwa aliowashinda alikuwa Gary Player, Mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wa wanagofu mashuhuri zaidi ulimwenguni. Player hakuwa mchezaji anayeelekea machweo. Mwaka huohuo alishinda US Open na kuwa mtu wa tatu katika historia kukamilisha mataji yote makuu manne.

Yamkini katika nchi nyingine ushindi huo ungemfungulia Papwa milango. Kwake uliifunga. Serikali ya ubaguzi wa rangi, iliyokuwa ikihubiri kwamba Mzungu ni bora kwa maumbile, haikuweza kustahimili kuona kedi Mhindi akimpiku shujaa wake hadharani. Ilimzuia kushiriki mashindano ya nyumbani, kisha ikamnyang'anya pasipoti ili asicheze ng'ambo.

Hivyo ndivyo mtaalamu alivyokatwa mikono akiwa bado na nguvu. Gofu si kama ndondi au kandanda, kwani mchezaji wake huweza kushindana na vijana hata akiwa na zaidi ya miaka 40. Miaka ambayo Papwa angeitumia kutafuta riziki na sifa aliimaliza akiwa amezuiliwa. Alifariki mwaka wa 1978 akiwa bado fukara, miaka 16 kabla ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia nchini mwake.

Funzo kwa Wakenya

Kisa hiki si kigeni kwetu. Hapa Kenya pia, klabu za gofu zilianzishwa na walowezi, na kwa muda mrefu Mwafrika aliingia humo akiwa kedi au mtumishi. Mwaka uleule Papwa aliponyeshewa Durban ndio Kenya ilipojinyakulia uhuru. Kenya Open ilianzishwa mwaka wa 1967, na wachezaji wengi wa kulipwa waliotuwakilisha humo walianza kwa kubeba mifuko ya wengine.

Kilichowatenga na Papwa si kipaji wala bidii. Wao walipoiweka chini mifuko ya wenyewe na kushika fimbo zao, hapakuwa na sheria ya kuwafukuza uwanjani. Anayetaka kupima hadhi ya Papwa kwa kuhesabu mataji yake hana budi pia kuhesabu mashindano aliyozuiwa kuyacheza.

Siku hizi upo uwanja wa gofu wa umma mjini Durban unaoitwa Papwa Sewgolum. Watu wa rangi zote hucheza hapo, na mvua ikinyesha, wote hukimbilia chini ya paa moja.